Ngurumo Iliyotangulia

Nianze na swali, maana katika mji wetu swali ndicho kitu pekee ambacho Mnara haujawahi kukitangaza. Kati ya anayesema na anayesikia, yupi humfanya mwenzake awepo? Mnara una jibu lake. Unasema tangu alfajiri, unasema mchana, unasema watu wakila na watu wakizika, na unaamini kwamba sisi tupo kwa sababu unatutaja. Mimi kwa miaka mingi niliamini kinyume chake. Niliamini kwamba siku tutakapoziba masikio wote kwa pamoja, mawe yake yatadondoka moja moja na kilima kilichoubeba kitabaki kilima. Niliamini hivyo kwa kuwa nilikuwa na redio, na mtu mwenye redio hujiona mkubwa kuliko alivyo.

Mji wenyewe sitautaja. Si kwa ujanja. Mnara huubadilisha jina kila unapopenda, na jina nililolala nalo jana huenda leo likawa la mtaa mwingine au la ugonjwa wa kuku. Saa zetu nazo ni za Mnara. Ukitangaza saa kumi, ni saa kumi. Kuna siku ulitangaza saa kumi mara mbili, nasi tukaishi saa kumi mara mbili: chai ikapikwa upya, muadhini akasita mlangoni, na jirani aliyefiwa na mama yake katika saa ile akafiwa tena. Hakuna aliyelalamika. Tulisema tu kwamba siku imekuwa ndefu.

Kila mwaka Mnara huongezwa ghorofa. Vijana huitwa kwa majina, hupanda na mawe mabegani, ghorofa hukamilika, na vijana hawashuki. Ukiuliza habari zao unaambiwa kwamba huko juu wanasikika vizuri. Hilo ndilo jibu, na linatolewa kwa upole sana, na mimi upole huo ndio uliokuwa ukinikosesha usingizi.

*

Redio yangu ilikuwa ya mbao, ina kitambaa cha rangi ya chai usoni na kioo chenye mshale mwekundu. Masafa ya kati yalikuwa ya Mnara mtupu, toka ukingo hadi ukingo. Lakini ukigeuza swichi ya pembeni ukaingia masafa mafupi, mshale ulikuwa unatoka mjini. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Ulipita katikati ya mkwaruzo kama mtu anayekata shamba la mahindi makavu, halafu, mahali pembamba kuliko unywele, unakuta watu. Mwanamume anasoma bei za sufu kwa lugha nisiyoijua. Kengele tatu, kimya, kengele tatu. Mwanamke anacheka halafu anaomba radhi. Kwaya ya watoto, nusu yao wamezama kwenye mkwaruzo. Hawakuwa wakisema nami, na hiyo ndiyo raha niliyoifuata kila jioni baada ya kazi: kusikia watu wasionitaja.

Sauti za mbali hazisimami. Hupanda na kushuka. Inakuja imejaa chumba kizima, unasogeza kiti, kisha inanywea mpaka unabaki na pumzi yako mwenyewe, kisha inarudi na neno jingine kabisa. Ni kwa sababu wimbi hupanda juu likagonga dari la mbingu likarudishwa chini, na dari lile halitulii. Wageni wa mchezo huu hukasirika, hupiga redio kofi. Sisi wazoefu tulikupenda huko kupanda na kushuka, maana ndiko kulikotuambia kwamba sauti imesafiri.

Tulikuwa wengi kuliko tulivyojuana. Kosa la kusikiliza halikuwa na adhabu inayojulikana, kwa hiyo kila mtu alijitungia ya kwake na kuiogopa. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati zipate kuamka kidogo, na kwa kuwa betri juu ya bati ni ushahidi, tulizifunika kwa mihogo. Ukipita mtaani ukaona bati kubwa lina mihogo mitatu tu, ulijua. Ulitazama chini ukapita.

Na hatukutumia majina ya nyumbani. Watuma salamu popote walipo hujipa majina ya hewani, nasi tulijipa. Mimi nilikuwa Sikio la Bonde. Mke wangu Zamda alikuwa Waridi la Uani. Mwanetu Faki, tangu akiwa mdogo, alikuwa Kinda. Na rafiki yangu wa utotoni, aliyekuja kila jioni kwa baiskeli na kukaa jikoni kwetu juu ya kibao cha kukunia nazi, alikuwa Kipanga Mpole. Yeye aliitwa apande Mnara zamani, enzi za ujana wetu, akakataa, akapotea, akarudi na jina hilo. La nyumbani nalijua mimi peke yangu na sitaliandika hapa. Hata Zamda hakuwahi kuliuliza. Mjini kwetu kutouliza ni namna ya kumpenda mtu.

Jina la hewani lina hatari yake. Ukikaa nalo muda mrefu, lile la kuzaliwa hulegea. Kuna asubuhi mtu wa kodi aliniita mlangoni kwa jina langu kamili, nami nikageuka kutazama nyuma, kuona ni nani aliyeitwa.

*

Faki alipokuwa mdogo aliogopa radi. Nilimkalisha barazani wakati wa masika nikamfundisha kuhesabu. Umeme ukimulika, anza: moja, mbili. Ngurumo ikifika, acha. Namba ndogo, mvua iko karibu. Namba kubwa, bado tuna nafasi ya kuanua nguo. Umeme ukipiga kilimani kwenye Mnara, ngurumo hutufikia kwa nne, na haijawahi kuwa tano wala tatu. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, na maadamu anahesabu hakulia.

Alipokuwa kijana jina lake likaitwa, lakini alikuwa ameshaondoka. Alikwenda kwenye matanuri ya chokaa, kwa binamu ya mama yake, akajipaka unga mweupe akafanana na wachoma chokaa wote. Wakaja watu wa Mnara wakakaa sebuleni kwetu, wakanywa maji, wakasifu kitambaa cha redio. Mmoja alisema ni rangi nzuri. Wakaondoka. Zamda alikaa siku kadhaa hawezi kutumia bilauri walizonywea.

Alipo mtoto tulijua wawili tu, mimi na Zamda. Tangu hapo nyumba yetu ikawa na kitu kimoja cha thamani, nacho hakikuwamo nyumbani.

*

Kipanga ndiye aliyeikuta Sauti.

"Njoo," aliniambia jioni hiyo, sikio lake karibu ligusane na kitambaa. "Njoo usikie huyu anavyozungumza."

Alikuwa mwanamke. Alizungumza kama mtu anayekunja nguo huku akikupa habari. Alisema anatangaza kutoka Ng'ambo, nyuma ya milima, nchi isiyo na mnara hata mmoja. Alisema ghorofa ni makaburi. Alisema saa kumi hutokea mara moja tu kwa siku. Zamda, aliyekuwa akikaanga vitunguu, alizima jiko asije akakosa neno.

Sauti ile haikupanda wala kushuka. Ilisimama wima jikoni kwetu. Mnara ulikuwa na mashine ya kukoroga, mlio wa nyuki uliotupwa juu ya kila stesheni ya mbali mpaka isisikike, lakini nyuki hao hawakuigusa Sauti. Nilipaswa kushangaa. Kipanga alisema ni kazi ya waya wake, shaba aliyoikunjua kutoka kwenye mota ya pangaboi bovu na kuivuta toka dirisha letu hadi kwenye mpapai. Zamda alisema ukweli haukorogeki. Mimi nilisema waya ni mzuri kweli, na nikaongeza sauti.

Kila Ijumaa jioni Sauti ilisoma salamu. "Mpenzi msikilizaji, usikae na moyo mzito. Una mtu wako amejificha? Mtumie salamu. Tuandikie jina lako la hewani, jina la unayemsalimu, mahali alipo, na ujumbe. Mahali hatutapasoma, hiyo ni siri yetu na wewe. Tunapahitaji ili tuelekeze mawimbi upande wake, ayapate vizuri."

"Mawimbi yanaelekezwa?" Zamda aliniuliza.

"Yanaelekezwa," nikasema. Nikachukua taa na mfuniko wa sufuria, nikamwonyesha jinsi mwanga unavyoweza kusukumwa ukutani upande mmoja. "Stesheni kubwa zote hufanya hivyo."

Ni kweli hufanya hivyo. Kila nilichomwambia siku hiyo kilikuwa kweli, na mpaka leo nikiona mfuniko wa sufuria ukiegemezwa karibu na taa naugeuza kifudifudi.

Salamu isiyo na mahali haijakamilika, hilo kila mtuma salamu analijua. Hata bila kuulizwa ungeandika, ni heshima kwa unayemsalimu. Na kumsalimu mtu mmoja peke yake ni uchoyo. Zamda aliandika kwa hati yake nzuri. Alimsalimu Kinda, matanuri ya chokaa. Akawasalimu na Sikio la Bonde na Kipanga Mpole, wasikilizaji wenzake wasiomwacha mpweke. Ujumbe akauweka mfupi: mwanangu, kula. Kipanga akaichukua kadi ndani ya soksi, akaendesha baiskeli hadi kwenye sanduku la posta ambalo Sauti ilitutajia, upande wa pili wa mpaka, kama alivyozipeleka kadi nyingine za bonde zima.

*

Halafu tukangoja.

Kungoja ni kazi. Sisi tunaosikiliza tunaijua kuliko wanaosema. Anayesema huona neno lake likitoka, basi, ameshamaliza. Anayesikiliza hana alichotoa. Amekaa na mlango wazi kifuani, na chochote kinaweza kuingia.

Nilianza kuogopa bila kujua naogopa nini. Niliogopa milio ya kawaida: bawaba, kijiko, mtu anayejisafisha koo barabarani. Niliota kwamba mshale wa redio umetoka kwenye kioo na unatembea juu ya ramani ya bonde, polepole, unatafuta, na kila unapopita mkwaruzo unanyamaza. Katika ndoto nilijua ukifika mahali fulani utasimama, na mahali hapo ni peupe, peupe kwa chokaa. Niliamka nikaenda kuigusa redio. Ilikuwa ya baridi, imezimwa, na nilisimama pale nikiwa na hakika kwamba yenyewe ndiyo inayonisikiliza.

Sikumwambia Zamda. Ningemwambia nini?

Ijumaa ya kwanza ikapita, na ya pili. Sauti ilisoma salamu za watu wengine, majina matamu ya hewani: Asali ya Mlimani, Baba wa Subira, Binti Kengele. Nilitambua baadaye, nilipokuwa na muda wa kutambua, kwamba kila aliyesomwa ambaye nyumba yake tuliijua, tuliacha kuona mihogo juu ya bati lake.

*

Ijumaa ninayotaka kuisimulia, mawingu yalilalia kilima tangu adhuhuri. Mnara ulionekana kiuno tu. Juu yake pote palikuwa pamemezwa. Kipanga alichelewa, nikadhani ni mvua inayokuja imemzuia. Zamda alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mimi nikaiwasha redio, Sauti ikasimama wima mezani petu kama kawaida yake.

"Wapenzi wasikilizaji, hapa Ng'ambo tunawatakia jioni njema."

Dirisha likamulika. Redio ikatoa mkwaruzo mmoja mkavu, kama itoavyo redio yoyote umeme ukipiga. Hilo la kawaida. Kisha, ndani ya redio, nyuma ya yule mwanamke, kukanguruma.

Haikuwa kelele ya hewani. Ilikuwa ngurumo ndani ya chumba alimokaa, ilitikisa kitu cha kioo mezani kwake, na yeye akakata neno, akameza mate, akaendelea. Midomo yangu ilikuwa imeshaanza yenyewe, kwa mazoea ya miaka. Moja, mbili, tatu, nne. Na ngurumo ikafika juu ya bati letu: ile ile, mpasuko mmoja mwanzoni na mkokoto mrefu mwishoni, ile ile niliyoisikia kutoka Ng'ambo kabla haijafika kwangu.

Niliogopa. Nimesoma vitabu vinavyosema damu huganda, yangu haikuganda, ilikwenda mbio ikitafuta pa kutokea. Nilitaka kuamini kwamba mbingu ni moja na radi yaweza kupiga nchi mbili. Kisha nikaisikia mvua. Ilianza ndani ya redio, juu ya mabati yao, kubwa, ya ghafla. Kupitia dirishani nikaiona ikishuka kilimani, pazia la kijivu, ikavuka bonde, ikafunika nyumba za mtaa wa chini, ikatufikia. Mvua mbili zikawa moja. Hakukuwa na Ng'ambo. Kulikuwa na chumba ndani ya Mnara, na mwanamke ndani yake, na kadi zetu zote.

Nilimtazama Zamda. Alikuwa anatoa chuya kwenye mchele, hakuinua macho.

"Sasa," Sauti ilisema, "tuna salamu za Waridi la Uani, kwenda kwa Kinda, popote alipo. Ujumbe wake: mwanangu, kula. Ujumbe mzuri. Na leo, Waridi, tuna zawadi yako. Kinda amevuka milima, amefika kwetu salama, na yumo humu studio. Karibu, Kinda. Wasalimie wazazi."

Kitu kilikwaruza sakafu, kiti labda.

"Hujambo mama. Hujambo baba." Ilikuwa sauti ya Faki. Ilikuwa imekauka, lakini yake. "Mimi ni Kinda. Nimefika Ng'ambo salama. Nakula vizuri. Huku kwetu ni kiangazi. Jua kali. Hakuna hata wingu."

Na mvua ikapiga juu ya kichwa chake alipokuwa akisema hivyo, na juu ya chetu.

Kisha akanyamaza.

Nisimulie kimya hicho, maana habari hii yote nimeiandika kwa ajili yake. Mtangazaji hanyamazi. Hewani, kunyamaza ni aibu, kila stesheni hukiziba kimya kwa muziki, kwa kengele, kwa chochote. Mwanangu alikaa mbele ya kipaza sauti cha Mnara akanyamaza makusudi, akaiacha mvua iingie mahali pa maneno. Mtu alikohoa. Mtu akanong'ona kwa ukali, endelea. Hakuendelea. Dirisha letu likamulika, redio ikakwaruza, ngurumo ikalia kule alipo. Hapo nikamsikia, chini kabisa, si kusema, ni pumzi yenye umbo.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Na kwenye nne ikafika kwetu, vikombe vikagongana kabatini. Yeye hakuweza kusikia ikifika. Alijua tu. Alikuwa anatuambia yuko umbali gani, kwa kipimo nilichompa mimi ili asiogope.

"Kinda amezidiwa na furaha," Sauti ilirudi haraka. "Waridi la Uani, mama yetu, tunakushukuru. Kuna jambo moja umelisahau. Huyo Kipanga Mpole uliyemsalimu, hukutuandikia jina lake la nyumbani wala anapokaa. Tungependa mawimbi yamfikie na yeye. Ijumaa ijayo Kinda mwenyewe ndiye atakayesoma salamu. Kama zitakuwepo."

Ukapigwa muziki, wa furaha, wa filimbi.

*

Nilizima. Mvua ikabaki moja.

Zamda aliweka ungo chini. Alisimama, akatoa kadi mpya nyuma ya saa ya ukutani, akaifuta vumbi kwa kanga, akakaa mezani na kalamu.

"Mama Faki, unafanya nini?"

"Naandika salamu."

Nilikaa mbele yake. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanza kama mjinga. "Ile ngurumo. Umeisikia ile ngurumo ilivyotangulia?"

"Nimesikia."

"Basi hapo alipo si..."

"Baba Faki, mimi ndiye niliyemzaa. Unadhani sikumsikia akihesabu?" Hakupandisha sauti. "Najua alipo. Najua nani aliyempeleka, ni hati yangu. Usiniambie hilo, nitajiambia mwenyewe maisha yangu yote."

"Na hiyo unamwandikia nani?"

"Wao. Si umemsikia yule mwanamke? Salamu zikiwepo, atasoma. Zisipokuwepo, watamkalisha mbele ya kipaza sauti afanye nini?" Alinitazama kwa mara ya kwanza jioni ile. Macho yake yalikuwa makavu na nikayaogopa. "Nipe Ijumaa moja nyingine. Moja tu. Kipanga jina lake la nyumbani nani?"

Niliuokota ungo sakafuni nikauweka mezani.

"Nakuuliza kwa adabu."

"Yule amekaa jikoni kwako miaka yote hii, Zamda. Amekukunia nazi."

"Najua. Na nampenda. Jina lake nani?"

Hapo swali langu lilinirudia, lile nililolianza kwa majivuno. Anayesema na anayesikia. Nilikuwa nimelipima muda wote kwa Mnara na mimi, na mizani yangu ilikuwa ndogo mno. Mwanangu wakati ule alikuwepo kwa sababu ya namba nne na masikio mawili yaliyozijua. Angehesabu mbele ya bonde zima, bila sisi asingekuwa amesema kitu. Lakini rafiki yangu alikuwepo kwa njia nyingine kabisa: kwa kuwa kuna mtu mmoja anayelijua jina lake na halitamki. Kuna watu wanaoishi kwa kutajwa na kuna watu wanaoishi kwa kutotajwa, na wote wawili walikuwa wamewekwa mdomoni mwangu, na mdomo wangu ulikuwa mmoja. Niliuona ubaya wa Mnara wote hapo. Haukuhitaji kupanda juu zaidi. Ulikuwa umeshafika kwenye meza yetu ya kulia na kumpa mke wangu kalamu.

Ningeweza kumnyang'anya. Ana mkono mwembamba. Niliutazama ule mkono, nikaona doa la manjano ya kupikia kidoleni, na nikajua sitaweza, na nikajua pia kwamba akinibembeleza mara moja zaidi nitamwambia.

Kwa hiyo nikawahi.

"Andika," nikasema. "Sudi Mkwambe."

Kalamu ilisimama hewani. Hilo ndilo jina langu, aliloolewa nalo. Baba yake alilitamka mbele ya mashahidi, yeye akiwa nyuma ya pazia.

"Nimekuuliza la Kipanga."

"Ndilo la Kipanga. Anakaa hapa hapa, nyumba yenye waya mpaka kwenye mpapai. Waya ushahidi, hawatatafuta mwingine."

"Watakuja."

"Waje."

"Watakupandisha."

"Niko nne tu kutoka huko."

Niliogopa atakataa, na niliogopa zaidi atakubali, nami sitadanganya kwamba hofu ya pili ilikuwa ndogo. Kisha akainama akaandika. Aliandika taratibu, herufi moja moja, kwa ile hati yake nzuri. Nilipoona jina langu limekaa pale juu ya kadi, zima, na mahali pake, nililitambua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikutazama nyuma kuona ni nani.

Machozi yalimjia alipofika kwenye mstari wa mwisho. Aliyafuta kwa mgongo wa mkono, yasije yakaharibu wino.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Kengele ya baiskeli ililia uchochoroni, mara mbili, kama anavyoipiga siku zote. Kipanga alikuwa anakuja kuchukua kadi za wiki. Nilikuwa nimeshajua nitakachomwambia mlangoni: peleka hii, na ukishaitumbukiza sandukuni, endelea mbele na hiyo baiskeli, usigeuke, usirudi.

Zamda alikuwa bado ameinama. Kadi haiendi bila ujumbe. Hiyo nayo ni desturi.

"Niandike ujumbe gani?"

"Kwa Kinda," nikasema. "Andika: nimesikia."